Böshük, susu ya Wauighur: nimeitumia miezi mitano, haya ndo niliyoyaona

Kile kitanda chekundu chenye maua mlichokiona kwenye picha za mwanangu nilizoposti ndo kinaitwa böshük, ni susu ya Wauighur, yaani kitanda cha kubembezea mtoto, na maswali yamekuwa mengi mno hadi nimeona nikae niandike mara moja nisijibu mmoja mmoja. Nimeitumia kuanzia mtoto alivyotoka arobaini mpaka anakaribia miezi sita na nusu, kwa hiyo siongei ya kusikia. Ila nitaongea sana, mwenye haraka apite tu.

Kwanza imekujaje. Sie tunakaa Istanbul, maeneo ya Sefaköy, mzee, yaani mume wangu, anafanya kago kule Laleli, na huku Sefaköy na Zeytinburnu Wauighur ni wengi, ukishuka tu barabarani unasikia harufu ya laghman, zile tambi wanavuta kwa mkono. Kwa wasiowajua, hawa ni Waislamu wa Xinjiang, magharibi kabisa mwa China, lugha yao imekaribiana sana na Kiuzbeki na wakiongea na Waturuki mnaelewana nusu nusu. Jirani yangu wa chini ni bibi mmoja wa Kashgar, mji wa huko Xinjiang, mwanae na mkwewe wanamwita Apa, yaani mama, na mi nikajikuta namwita Apa hivyo hivyo, yeye ananiita kizim, binti yangu. Huyu Apa alipoona tumbo langu limefika miezi saba akapanda ngazi na magoti yake yale mabovu akaniuliza kitu kimoja tu: mtoto atalala wapi?

Nikamuonyesha kile kitanda cha kukunja nilichonunua mtandaoni. Akakiangalia kama mtu anavyoangalia samaki aliyechacha. Hakusema kitu.

Baada ya wiki akanipeleka kwa fundi, Mwighuri mwenzao, ana karakana ndogo nyuma nyuma huko. Nililipa lira 5,500 pamoja na kigodoro, mikanda miwili na vile vimirija vyake, nitavielezea. Apa ananiambia kule Kashgar kwenye mitaa ya mafundi böshük zinapangwa nje ya maduka kama huku tunavyopanga ndoo, nyekundu, kijani, njano, bluu, unachagua unabeba. Mbao ni za mti laini mwepesi, wengine wanatumia wa aprikoti kwa sababu hiyo ndo miti waliyonayo mashambani.

Muonekano: ni ndefu na nyembamba, kichwani na miguuni ina matao mawili ya mbao, halafu juu katikati kuna mti mmoja mnene wa kushikia unaunganisha tao na tao, kama mshikio wa kapu. Chini ya matao kuna miguu iliyopinda kwa hiyo inabembea kushoto kulia, sio mbele nyuma kama vile viti vya kisasa. Vile vijiti vya pembeni vyote vimechongwa kwenye mashine ya kuzungusha, vina viuno viuno kama miguu ya vile vitanda vya samadari vya bibi zetu, halafu vimepakwa rangi. Nzuri sana kwa macho, sikatai. Ila yangu fundi aliweka misumari miwili upande wa miguuni, na mmoja baada ya mwezi ukaanza kuchungulia, mzee akaupiga nyundo. Apa alipouona ule msumari alikasirika kuliko mimi mwenye mali, anasema böshük ya kweli inashikwa na mbao kwa mbao tu. Pia rangi ilikuwa inatoa unga ukiisugua na kitambaa kibichi, kwa mtoto anayeanza kulamba kila kitu hilo ni tatizo. Nikamrudishia fundi akaipaka vanishi juu, bure, basi nikamsamehe.

Sasa sehemu ambayo kila mtu anauliza. Ndio, ina tundu. Kigodoro kina tundu katikati, na ubao wa chini una tundu, na chini ya tundu kinakaa kikopo. Mtoto analala bila pampasi, bila chupi, bila chochote kuanzia kiunoni, na anawekewa kimrija cha mbao kinaitwa shümek kinachopeleka mkojo moja kwa moja kwenye kikopo. Viko viwili. Cha kiume kinafanana kabisa na kiko cha tumbaku, kina kikombe kidogo cha duara na shina, na cha kike mdomo wake ni mrefu umebanwa kama kokwa ya tende. Mi nilipokiona mara ya kwanza nikajua ni kiko kweli, nikamuuliza fundi kama babu wa mtoto naye anapewa zawadi, akacheka mpaka akakaa chini.

Usiku wa kwanza niliweka mwenyewe kwa kiherehere, Apa kalala. Saa tisa usiku nasikia shwaaa, naenda na tochi ya simu, mkojo umepanda juu kama bomba la mtaani lililopasuka, kigodoro chapachapa, mtoto kalowa mpaka shingoni na mwenyewe ananicheka. Asubuhi Apa akanielekeza, unakipaka mafuta mdomoni kisikwaruze, unakilaza kwa mteremko, halafu unakishika na kitambaa kilichokunjwa ndo unafunga mkanda wa miguu juu yake. Siku ya tatu nikapatia. Toka hapo nikawa natumia pampasi mbili kwa siku za kutokea nje tu, na wanaojua bei ya pampasi huku Uturuki jinsi inavyopanda kila mwezi wataelewa kwa nini naipa böshük nyota tano kwenye hili. Na upele wa makalioni sijauona. Mwanangu wa pili alikuwa nao mpaka nikawa najua majina ya krimu zote za famasi.

Kuhusu kufunga. Hapa ndo pana maneno.

Mtoto analazwa chali, mikono inanyooshwa ubavuni, mkanda mpana wa kwanza unapita kifuani na mikononi, wa pili unapita kwenye magoti, ncha zake zinazungushwa kwenye mbao za chini na kukazwa. Kinachobaki kinatembea ni kichwa na vidole vya miguu. Mi nilivyoona Apa anamfunga wa kwangu nilitaka kulia, mikono yake yule mama inaenda haraka kama mtu anafunga mzigo wa kuni, halafu akaingiza vidole viwili chini ya mkanda pale kifuani, akavitembeza, akalegeza kidogo, akavitembeza tena. Mtoto kilio chote kikakatika. Yaani alikuwa analia toka alasiri na mimi nimeshabeba, nimeshaimba, nimeshasoma kila dua ninayoijua. Apa akaanza kubembeza kwa mguu, mikono inachambua mboga, anaimba elley elley balam, na balam maana yake mwanangu. Dakika kumi hazikufika mtoto kalala, akalala masaa manne. Masaa manne jamani.

Na kunyonyesha humtoi. Ule mti wa juu unauegemea kwa kwapa, unainama pembeni unamuwekea ziwa mdomoni hapo hapo alipo, akishiba unajivuta taratibu. Inaonekana rahisi kwa Apa. Mi mgongo ulikuwa unaniuma na nikawa namtoa tu, sijui wao mgongo wameufundisha lini.

Lakini miguu nilikataa. Huku Uturuki mtoto akiwa na wiki chache anapigwa ultrasaundi ya nyonga, ni utaratibu wao, na daktari wa zahanati aliponiuliza mtoto analala wapi nikamwambia ukweli. Hakufoka. Aliniambia nyonga ya mtoto mchanga bado ni laini, kichwa cha mfupa wa paja kinakaa kwenye kikombe ambacho hakijakomaa, ukinyoosha miguu ikabanana pamoja masaa mengi kwa siku kichwa kinaweza kuteleza kikatoka. Nikaenda kusoma mwenyewe nikakuta Wajapani nao walikuwa wanafunga watoto miguu imenyooka, mwaka 1975 wakaanzisha kampeni ya kuwaambia akina bibi waache, na watoto wenye nyonga zilizotoka wakapungua kutoka kati ya asilimia 1.1 na 3.5 mpaka karibu asilimia 0.2. Na sisi wa mbeleko, unajua mtoto mgongoni miguu inapanuka kama chura kwenye kiuno cha mama? Ndo mkao huo huo madaktari wanautaka. Bibi yangu kule Tanga hakuwahi kuiona ultrasaundi lakini nyonga zetu zote tisa ziko sawa. Eh, kumi na nane.

Kwa hiyo tukaingia makubaliano na Apa, haikuwa rahisi, iligharimu birika tatu za chai: mkanda wa kifua utafungwa, wa miguu utalegezwa na katikati ya magoti tutaweka taulo lililokunjwa ili miguu ikae wazi. Alikubali huku anasema mtoto atakuwa na miguu ya mpanda farasi. Shümek nayo ikabidi ihamishwe kidogo, ikawa inavuja mara moja moja. Ukitaka yote mawili, miguu wazi na shuka kavu, jua kabisa utafua.

Kichwa je? Hili nalo. Mtoto akilala chali miezi na miezi kwenye kigodoro kigumu kisogo kinabapa. Kwa Apa na rika lake hiyo ndo sura nzuri, kisogo kibapa, doppa yaani ile kofia yao ya kudariziwa inakaa vizuri, na kisogo kilichotokeza kwao ni mtoto ambaye mama yake hakujishughulisha. Sisi watu wa pwani hatuna la kuwacheka, kwetu yule bibi anayekuja kukanda anakifinyanga kichwa kiwe mviringo na pua anaivuta kila asubuhi na mafuta ya nazi. Kila mtu na ufinyanzi wake. Ila mkwe wa Apa, huyu dada ana miaka ishirini na kitu, kakulia Ürümqi, mji mkuu wa Xinjiang, kwenye maghorofa, hataki kusikia. Siku moja jikoni akafungua nywele akanishikisha kisogo chake, kimenyooka kama ukuta, anasema toka shule hajawahi kufunga nywele juu. Mtoto wake anamlaza kwenye kile kiti cha umeme kinachojitikisa chenyewe na kinaimba, anamgeuza geuza kichwa kwa saa. Apa anakiita kile kiti mashine ya kufulia.

Na wala sio Wauighur peke yao. Marekani mwaka 1994 walianzisha kampeni ya kuwalaza watoto chali ili kupunguza vifo vya ghafla usingizini, vifo vikapungua kweli, ila visogo bapa vikaongezeka mpaka leo kuna wanaouziwa helmeti za kunyoosha kichwa. Apa nilipomwambia habari ya helmeti alifurahi siku nzima.

Kingine cha kuangalia ni mashuka ya juu. Juu ya ule mti wanatandaza nguo mojamoja, nne, tano, mpaka ndani panakuwa giza kama hema, wanasema jicho baya halipiti na mtoto halali na nzi. Kwa Kashgar yenye vumbi la jangwa na baridi la Januari naelewa. Kwa fleti yenye hita ya ukutani ni oveni. Mi niliweka mtandio mmoja mwepesi, tena upande mmoja wazi, uso nauona muda wote. Na giza hilo la kutwa mtoto hapati jua, ndo maana wanaolelewa ndani ndani wanaweza kupata matege ya kukosa vitamini D. Hapa Uturuki toka 2005 serikali inatoa matone ya vitamini D bure kwa kila mtoto, matatu kwa siku, nami nilikuwa namdondoshea hapo hapo kwenye böshük akiwa kafungwa, hana pa kukimbilia. Hiyo faida hakuna anayeitaja.

Sherehe sasa, maana ukinunua böshük bila sherehe Apa hakupi ruhusa ya kuitumia. Kwao mtoto wa kwanza anazaliwa nyumbani kwa wazazi wa mama, mama anakaa huko mpaka siku arobaini, halafu anarudishwa kwa mumewe na msafara na susu iliyonunuliwa na upande wa mama, ndo wanaita böshük toy. Niliposikia arobaini nikasema sasa tunaongea lugha moja, na sie si tunatoka arobaini? Ila wao siku hiyo wanatafuta watoto 40, kila mmoja anammwagia mchanga kijiko kimoja cha maji. Wangu hakuwa wa kwanza na kwetu Tanga hapafikiki kwa basi, basi Apa akajifanya yeye ndo mamangu mzazi. Akazunguka jengo zima anagonga milango, akapata watoto 17, Wauighur, Waturuki, Wasyria wawili na wanangu, akahesabu mwenyewe mpaka vijiko vikafika arobaini, wengine walirudia mara tatu, kitoto kimoja cha ghorofa ya nne kikamwagia jagi zima. Kila mmoja akaondoka na mkate wa nan na pipi. Mtoto akaingizwa kwenye böshük mchana ule, na kabla yake Apa alikuwa amelaza humo kipande cha mkate.

Jioni watu wameondoka mi nikaibembeza susu tupu kwa mguu, bila kufikiria, nachati. Apa alinipiga kibao cha paja. Susu tupu haibembezwi. Sikuuliza kwa nini, maana uso wake ulikuwa umebadilika.

Baadaye ndo mkwewe akaniambia. Ile böshük yao ya ukoo, iliyolea Apa na watoto wake wote, iliachwa Kashgar kwa dada yake, na simu ya dada haijapokelewa toka 2017. Mwaka huo ndo zilianza habari za kambi wanakofungiwa Wauighur, na habari za majina ya watoto yaliyokatazwa kama Muhammad na Islam. Mi siasa siijui sana ila hii moja niliitafuta mwenyewe: kwa takwimu za serikali ya China yenyewe, Xinjiang 2017 walizaliwa watoto 15.88 kwa kila watu 1,000, na 2019 wakawa 8.14. Miaka miwili tu. Nikafikiria zile susu zilizopangwa nje ya maduka kama ndoo.

Basi, turudi kwenye kasoro. Kubwa kuliko zote ni kwamba mtoto akizoea, amezoea. Alivyofika miezi minne tukaenda Tanga, böshük haiingii kwenye ndege, na mtoto usiku wa kwanza halali kabisa, anarusha mikono anajishtua mwenyewe analia. Nikamfunga na kanga nikamuweka kwenye mto. Mama akaingia akashika kiuno: "We mtoto, mbona umemkunja mwenzio kama mkeka?" Akamfungua, akampiga mbeleko, akaenda naye uani kwenye mbalamwezi anatwanga twanga hatua zake zile. Kulala alilala, ila ilichukua usiku tatu na shingo yangu. Tuliporudi Istanbul akaingia kwenye böshük kama mtu aliyerudi kwake.

Miezi sita na kitu akaanza kujipindua, mkanda akawa anauchukia, siku moja nikamkuta ametoa mkono mmoja na kashika ule mti wa juu anajivuta. Nikasimamisha hapo hapo. Wao wanaendelea mpaka mwaka na zaidi, mi naona mtoto anayetaka kutambaa umfungue atambae, na Apa kwa hili hakubishana sana, labda alikuwa amechoka na birika zangu.

Kama uko huku na unataka kununua: kagua misumari, sugua rangi kwa kitambaa kibichi, hakikisha tundu la kigodoro na la ubao vimelingana (yangu vilipishana kama kidole), na usinunue kama huna wa kukuonyesha kufunga. Video nilizoziona mtandaoni zinamkaza mtoto kama mzigo wa mitumba. Fundi hakupi karatasi ya maelekezo. Mi maelekezo yangu yalikuwa yanapanda ngazi na magoti mabovu kila asubuhi, na hayo hayapo kwenye zile lira 5,500.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya msumari na mgongo wangu.

Na wale mlioniuliza kama nauza, siuzi, Apa kasema susu iliyokuza mtoto haiendi sokoni. Ipo kona ya chumba nimeilundikia blanketi ili mtu asiibembeze ikiwa tupu. Cha kike cha shümek bado kipo kwenye nailoni yake, hakijafunguliwa. Kila Apa akija lazima akiulizie kiko wapi, mzee wangu anamjibu kwa Kituruki chake kibovu kwamba duka limefungwa, na Apa anachukua ile nailoni anaifuta vumbi anairudisha pale pale.